Kwa Harrison Mwaisaka, Aliyetufundisha Kungoja

Baba Wema, mwaka umezunguka. Miti ya hapa Anoka imegeuka rangi tena, kama ilivyokuwa asubuhi ile ya Oktoba 1996 ulipotoka kwenda kazini, ukaanguka darajani ukiwa na kofia yako ya kazi kichwani. Ulipofikishwa hospitali ulikuwa umeshatutoka. Hukutuaga. Ulichoniambia mlangoni ni, "Tumpe, usizianue zile nguo," yaani nguo zako za mawindo zilizokuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, kisha ukaondoka. Wake wengine huachiwa maneno ya mapenzi. Mimi niliachiwa suruali ya kijani.

Sikuzianua. Zilikaa pale hadi theluji ikazigandisha zikawa ngumu kama mbao. Mwanao Erick ndiye aliyezichukua siku moja baada ya shule, bila kuambiwa na mtu, akaziweka gereji, mbali na jiko, kama ulivyotaka siku zote.

Wanaosoma jarida hili la jumuiya yetu ya Minneapolis na Saint Paul wengi walikujua. Kwa wasiokujua: ulitoka Tukuyu mwaka 1973, mwanafunzi mwenye sanduku moja na sweta aliyokufumia mama, ukasomea uhandisi, ukapata kazi ya kukagua madaraja, ukarudi nyumbani kunioa. Hukuweza kuvuka daraja lolote bila kupunguza mwendo na kulisemea maneno, zuri au baya, kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Nilijua nimeolewa na mhandisi. Hakuna aliyenidokeza kwamba kila ikifika Septemba mhandisi huyo angegeuka mvuvi na mwindaji, angenuka tope na magamba, na angeuzungumzia upepo kama mtu anavyomzungumzia jirani mkorofi.

Ulikuwa na moyo wa kupokea watu. Mgeni akifika kutoka nyumbani na viatu vya wazi mwezi wa Januari, ulikuwa wa kwanza kumpelekea koti. Makoti yetu yalitoka nyumbani yakaenda mjini kote, mengine hayakurudi. Nikilalamika ulisema, "Baridi haijui la nani," ukaenda kutafuta lingine.

Shabaha ulifundishwa na jirani yetu Arne, mzee wa Kinorwe, lakini maneno ya kufundishia yalikuwa yako mwenyewe. Ndiyo maana vijana wetu, Watanzania kwa Wakenya, walikuja kwako. Rafiki yako Naftali, Mkisii wa mtaa wa Phillips anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuja mara ya kwanza kuazima ngazi. Ulipomwona anautazama upinde ukutani, basi tena, alibaki kutwa. Jioni aliondoka na ngazi, na vidole vimemvimba kwa kuvuta uzi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi theluji ikishayeyuka, mlisimama nyuma ya nyumba mkipiga mishale kwenye marobota ya majani makavu. Jambo la kwanza ulilomfundisha ni umbali. Wengine hapa hupima kwa yadi. Wewe ulipima kwa salamu.

"Kulungu usiyeweza kumsalimia bila kupaza sauti, mwache apite," ulisema. "Huyo si wako."

"Salamu ya wapi?" Naftali aliuliza. "Yenu nyinyi Watanzania ni ndefu, buda. Mkifika kwa habari za watoto, hiyo mnyama ishafika Canada."

Mlicheka mpaka Arne akaja uzioni kuuliza kuna nini. Lakini sheria haikubadilika. Usimpige anayekutazama. Usimpige anayekimbia. Ngoja ageuze ubavu, mguu wa mbele uwe umetangulia, ndipo mapafu yanakuwa wazi na mnyama hatateseka. Ukiwa na shaka, shusha upinde, kuna kesho. Na ukishapanda kwenye kile kiti cha kuvizia kinachofungwa mtini, jifunge mkanda kwanza, mengine baadaye. "Kemunto anauguza watu wa kutosha kazini," ulimwambia Naftali, ukimtaja mkewe, "usimwongezee mwingine nyumbani."

Halafu harufu. Loo, harufu! Kulungu, ulisema, anaweza kuyatilia shaka macho yake na masikio yake, lakini pua yake habishani nayo. Nguo zilifuliwa kwa sabuni isiyonukia, zikaanikwa nje kwa siku kadhaa, nawe ulioga kama mtu anayekwenda kupasuliwa. Mwaka mmoja mvua ilinyesha, nikakuonea huruma, nikazianua na kuzitundika jikoni zikauke, huku napika pilau ya ubatizo wa mtoto wa Kemunto. Ulikaa mtini kutwa nzima. Hukuona hata sungura. Uliporudi ulisimama mlangoni, ukanusa kola yako, ukasema, "Tumpe, leo msitu mzima ulijua tuna shughuli." Kuanzia hapo kamba ya nguo ikawa na sheria zake, na ndizo zilizokuwa kinywani mwako asubuhi ile ya mwisho.

Kwa sababu hiyo hiyo, hata chai ilikuwa na wakati wake. Nilikujazia chupa ya chai kila ulipokwenda kuwinda, chai ya maziwa yenye tangawizi, nawe hukuifungua hata baridi ikikukata masikio, mpaka uwe umepiga mshale. Mshale ukishatoka, harufu haina kazi tena. Ndipo ulipomimina kikombe, ukanywa taratibu pale pale juu ya mti, mpaka chupa iishe. Hapo ndipo ulipowashinda vijana wote, maana kijana akishapiga anataka kuruka chini na kukimbia.

"Usimfuate," uliwaambia. "Mnyama aliyeumia akiachwa, hulala hapo karibu. Ukimkimbiza, maumivu yatampa miguu, atakwenda mpaka usimwone tena, akafie asikofaa mtu. Kaa. Kunywa chai."

Nasi nyumbani tulijua habari zako kwa chupa hiyo. Uliporudi tuliipokea mlangoni. Ikiwa nzito, hukupiga, na hatukuuliza kitu, tulikupakulia chakula. Ikiwa nyepesi, watoto walikimbilia nyuma ya gari. Binti yako Wema alikuwa akiitikisa kabla hata hajakupa shikamoo, nami nikamgombeza, nawe ukamtetea.

Nyama haikukaa kwetu. Paja la kwanza lilikwenda kwa Arne, lililofuata Phillips, na utumbo ulibaki kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuusafisha. Rafiki yako Kitwana wa Woodbury, Mwislamu, hakula kulungu ambaye hakujua amekufa kwa jina la nani, nawe hukumbishia hata siku moja. Ulimwekea samaki. "Samaki hana mchinjaji," ulisema, na kila msimu friza yake ilijaa samoni kabla ya yetu.

Samoni, hao walikuwa mapenzi yako mengine. Kwao ulitupeleka sote, mbele ya Duluth, kwenye mto mdogo wa mawe unaoingia Ziwa Superior. Ulipenda siku inayofuata mvua, maji yakiwa yamepanda na kuchafuka kidogo. Ulitukataza kuacha vivuli vyetu vianguke majini. Ulitufundisha kufunga mayai ya samaki katika vifurushi vidogo vya kitambaa chepesi kuwa chambo, na ni mimi niliyegundua kitambaa chenyewe kilitoka wapi, Jumapili moja, nilipotafuta soksi zangu za nailoni za kwendea kanisani nikakuta mguu mmoja.

"Samoni akishaingia mtoni hali tena," ulieleza. "Hana njaa. Anauma kwa hasira tu, kwa kuwa umempitishia kitu mlangoni kwake. Kwa hiyo usimbembeleze, mchokoze. Akishauma, mwachie akimbie. Usivutane naye mwanzoni, atakukatia mshipi."

Naftali alipompata wa kwanza, alipiga kelele mto mzima ukasikia. Ulimsaidia kumleta kando, ukainama, ukaona ndoana imeingia mkiani, si mdomoni.

"Mrudishe," ulisema.

"Kumrudisha? Harrison, aki samaki ni samaki! Nime-struggle na huyu mpaka mikono imekufa. Nani atajua alishikwa mkia?"

"Sheria inataka mdomoni. Huyu hakuuma, umemkwaruza tu akipita njia. Hukumvua, Naftali. Mmekutana."

Alimrudisha. Alinuna mpaka Duluth, ukamnunulia kahawa na donati, akacheka. Mpaka leo, jambo likimshinda, husema, "Hatukushikana, tulikutana tu."

Ni kando ya mto huo ulipowaeleza watoto jambo ambalo sikulitilia maanani siku ile. Wema alikuwa bado mdogo. Aliuliza kwa nini samaki wanajipigiza kwenye mawe namna ile. Ukamwambia wanarudi kwao kutaga mayai, kisha wafe. Akauliza kama kwao ni hapo. Ukakaa juu ya jiwe lako, ukaweka ufito wa kuvulia kando, jambo ambalo hukulifanya mara nyingi.

"Mababu zao si wa hapa," ulisema. "Mababu zao ni wa bahari kubwa ya magharibi, mbali sana. Watu walileta mayai, wakalea vifaranga, wakawamwaga katika mto huu wakiwa wadogo kama kidole chako. Wakateremka ziwani, wakakulia huko. Sasa wamekuwa watu wazima, wanarudi."

"To the ocean?" Wema aliuliza.

"Hapana. Hapa. Bahari hawaijui. Wanaipita mito mingine yote ya pwani hii, wanautafuta huu, kwa harufu ya maji yake."

Ulichukua ufito ukaendelea. Mimi nilikuwa nyuma yenu namenya mayai ya kuchemsha, nikadhani ni habari za samaki tu.

Kisa hicho hicho ulianza kumsimulia kaka yako Mudrick kwa simu. Mudrick ndiye aliyekulea baba yenu alipofariki, ndiye aliyekupeleka shule, na kwake hukuacha kuwa mtoto. Ulimpigia kila mwezi kwa zile kadi za simu, na kila mara ulianza na samaki, mambo ya maana ukayaacha mwishoni, kadi ikaisha. Siku hiyo ulimwambia kwamba huku kuna samaki wanaorudi kwao kufa, hata kama ni kwa kupanda maporomoko. Mudrick alifurahi mno, nilimsikia hata mimi niliyekuwa upande wa pili wa chumba. Kisha simu ikakatika. "Nitammalizia siku nyingine," ulisema. Hukummalizia.

Ulipotutoka, jambo la kwanza watu waliloniuliza ni utazikwa wapi. Sikuwa na jibu lako. Miaka yote ile hatukulizungumza, kwa sababu kwetu sisi kumuuliza mtu mwenye afya yake atazikwa wapi ni uchuro. Tulizungumza paa la nyumba, matairi ya msimu wa baridi, shule za watoto. Hilo hatukuligusa, wala wewe wala mimi. Ndivyo tulivyo, na katika kila msiba hapa mjini tunajuta, tukitoka makaburini tunarudi kuogopa vile vile.

Michango ilitosha kukusafirisha. Naliandika hili kwa wale walionong'ona. Haikuwa nauli, alikuwa Erick. Siku ya pili ya msiba sebule ilikuwa imejaa watu, akapenya, akaketi kwenye mkono wa kiti changu, akaniuliza, "Mama, if we take him to Tukuyu, nani atakuwa ana-visit?"

Nilianza kumwambia shangazi zake, baba zake wadogo. Sikumaliza. Niliukumbuka mto. Nikainuka, nikawaambia watu kwamba utazikwa Anoka.

Nilimpigia Mudrick mwenyewe, sikumtuma mtu. "Shemeji," akasema, "nafasi yake iko hapa kando ya baba, nyuma ya migomba. Nimeifyeka leo asubuhi." Nikajaribu kueleza, akanikatiza. Akasema, "Mwacha asili ni mtumwa. Hata wale samaki wa huko, mwenyewe aliniambia, wanarudi kwao kufa. Wewe umemnyima mdogo wangu hata haki ya samaki." Akakata simu, na safari hii haikuwa kadi.

Yalinichoma, Baba Wema. Yalinichoma kwa sababu sikuwa na uhakika. Kila nilipokuja kaburini nilikuuliza kama nimekuweka kwako au nimekutupa ugenini. Nilileta maua, nikafuta jiwe, nikauliza, nikarudi kwenye gari. Watu walisema Mama Wema ana nguvu. Sikuwa na nguvu yoyote, nilikuwa na swali.

Mwanzoni nilimpigia Mudrick kila wiki. Akisikia ni mimi alimpa mtu mwingine simu. Tulimtumia kanda ya video ya mazishi, tukasikia hataki hata kuigusa. Kisha tukasikia zaidi: kwamba ukoo umekaa kikao, na kwamba akipata viza atakuja kukufukua akurudishe. Naftali akaja mbio.

"Mama Wema, tutume wazee. Ama tum-call kila siku mpaka a-soften. Hii kitu haiwezi kukaa hivi."

Hapo nilikusikia wazi, kama umesimama gereji unafuta mishale: usimfuate. Nikamwambia Naftali, "Ameumia. Tukimkimbiza atakwenda mbali. Tukae."

Naftali akanitazama, akayatambua maneno, akavua kofia yake. Hatukumpigia tena. Krismasi ikapita kimya, Pasaka ikapita. Haikuwa rahisi, nisikudanganye. Wapo walioniambia naringa. Wewe ulikuwa na chai juu ya mti wako, mimi nilikuwa na simu ukutani, nayo ilinitazama kila nilipopita kwenda jikoni.

Agosti simu ikalia. "Shemeji," Mudrick akasema, "nimepata viza. Nakuja kwenye mwaka wa mdogo wangu." Hakusema kukuona, hakusema kukuchukua. Nami sikuuliza.

Alifika siku chache kabla ya siku yako, na suti, na juu ya suti koti lako la zamani la sufu, lile ulilomwachia mwaka tuliokwenda likizo. Nilimwona kwa mbali pale uwanja wa ndege, nikashika mkono wa Wema. Mabega yenu ni yale yale. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," akaitikia, akawawekea mkono kichwani mmoja mmoja. Mimi aliniamkua kwa heshima, bila tabasamu. Tulipomaliza kula, alinawa, akasema alichokuja nacho.

"Sikuja kugombana, shemeji. Ukoo umenituma. Nikirudi watataka neno moja: anakuja au haji. Kaburini nitakwenda nikiwa nimelipata neno hilo."

Sikulala vizuri siku zile. Nilijua sheria za nchi hii, nilijua mimi ndiye mwenye saini. Lakini saini haizuii kaka mtu kulia mlangoni kwako, na kama angesisitiza mbele ya watoto, sijui ningesimama wapi. Naftali ndiye aliyepata la kufanya. Alisema kabla ya maneno yoyote, mgeni aonyeshwe mahali Harrison alipokuwa akienda. Akaja na gari kubwa, tukapanda sote, tukaenda kaskazini.

Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Ungefurahi. Maji yalikuwa yamepanda, na samoni walikuwa wamejaa, weusi, wamechakaa, migongo nje. Mudrick alisimama juu ya jiwe lako bila mtu kumwonyesha, mikono mifukoni mwa koti lako. Alitazama muda mrefu. Mmoja aliruka kwenye maporomoko, akaanguka, akaruka tena.

"Ndio hawa," alisema. "Alinieleza. Wamefika kwao." Akanitazama aliposema hivyo.

Nilitaka kujibu. Wema akanitangulia.

"Baba mkubwa, hawa si wa hapa. I mean, mababu zao si wa hapa. Waliletwa kutoka Pacific. Watu ndio waliwaweka kwenye huu mto, wakiwa this small." Akamwonyesha kidole.

Mudrick akageuka. "Waliletwa?"

"Dad told us," Erick akasema. "Bahari hawaijui, baba mkubwa. They only know here. So wanarudi hapa."

"Na wakienda kwa mababu zao?"

"Watapotea," Erick akasema. "They'd just get lost."

Mudrick alichuchumaa, akatia mkono majini, akautoa haraka kwa baridi. Alikaa hivyo, maji yakimdondoka vidoleni.

"Mimi alinieleza nusu," akasema mwishowe. "Kadi ilikatika."

Naftali alianza kucheka, akauona uso wake, akaacha.

Njiani kurudi watoto walisinzia. Mudrick alikuwa amekaa mbele na Naftali, akazungumza bila kugeuka. "Lakini yeye hakuletwa akiwa mdogo kama kidole, shemeji. Yeye alizaliwa Tukuyu. Maji ya kwao aliyajua."

"Aliyajua," nikasema. "Angeweza kurudi amefumba macho. Wanawe ndio wasingeweza. Sikumzika Anoka kwa kuwa alisahau kwao. Nilimzika mahali watakaporudi hawa."

Akatazama barabara mpaka tukaziona taa za mji. Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, nilikuwa nimeyakusanya mwaka mzima. Sikuongeza hata moja. Mshale wangu ulikuwa umeshatoka, nami nikakaa.

Asubuhi yake ndiyo iliyokuwa siku yako. Nilimkuta Mudrick jikoni, amevaa tayari.

"Hiyo chupa ya chai ambayo watoto hawaachi kuisimulia," akasema, "iko wapi?"

Nikaishusha kabatini. Haikuwa imetiwa kitu tangu ulipoondoka. Nikaisuuza, nikachemsha maziwa na tangawizi, nikaijaza mpaka shingoni. Ilikuwa nzito. Aliibeba mwenyewe.

Tulikwenda kaburini sote, Naftali na Kemunto wakatukuta huko. Mudrick alitangulia peke yake hadi kwenye jiwe lako. Akavua kofia. Akasema, kwa sauti ya kawaida, bila kuipaza, "Ugonile," salamu ya kwetu ya asubuhi, anayopewa mtu aliyeamka. Kisha akaketi kwenye majani na suti yake, akawaita watoto, mmoja huku, mmoja huku. Wema akammiminia chai. Akanywa, akamiminiwa tena, nasi tukapokezana kikombe. Hakuna aliyeharakisha.

"Harrison," akasema, "nilikuja kukuchukua. Nafasi yako kando ya baba nimeilinda, haijaota hata jani. Lakini nimekukuta una watu." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Wazee nitawasimulia kisa chote, nusu niliyoikosa nimeipata. Kaa na wanao. Ile nafasi nitailalia mimi, siku yangu ikifika."

Nililia, Baba Wema. Siku ya mazishi sikulia hivyo, kwa kuwa siku ile nilikuwa ndiyo kwanza naanza kungoja. Mudrick akaja akanishika bega, akaniita shemeji, na safari hii ilikuwa na uzito wake wote.

Amesharudi Tukuyu. Koti lako amemwachia Erick, mikono inampita kidogo, ataifikia. Upinde wako uko gereji, Wema anauvuta jioni na bado haujamfika shavuni. Nguo zako nimezifua kwa sabuni isiyonukia, ziko kwenye kamba, nje, na leo sipiki pilau. Na Naftali, hutaamini, amerudisha ngazi.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Tumpe. Wanao Wema na Erick. Kaka yako Mudrick na ukoo wote wa Mwaisaka, Tukuyu. Rafiki zako Naftali na Kemunto wa Phillips, na Kitwana wa Woodbury. Pamoja na jirani yako Arne, aliyeomba jina lake liwemo.

Maadamu tupo, hutasahaulika. Tulipofika nyumbani kutoka kwako, Wema aliipokea chupa mlangoni, akaitikisa kama zamani, akanitazama. Imerudi nyepesi, Baba Wema.